Mkia wa Mise, Kichwa cha Fosforasi

Mafuta ya mawese ya Kigoma mara nyingi huanza kushuka bei yakiwa bado ndani ya tunda. Mkulima wa Simbo au Mwandiga akishakata mkungu, huuacha kivulini siku kadhaa, akiufunika kwa majani ili chikichi ziachie zenyewe na kumpunguzia kazi ya shoka. Ndipo zinapochemshwa kwenye pipa na kupelekwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mikono. Lakini ndani ya nyama ya tunda mna kimeng'enya kiitwacho lipezi, na siku zile za kusubiri zinakitosha kufanya kazi yake. Tunda likipondeka kidogo tu, kinaanza kuyavunja mafuta. Mafuta yatakayotoka yatakuwa mekundu na ya kunukia vizuri, ila yatakuwa na asidi huru nyingi.

Kanuni za kimataifa za chakula, Codex, zinataka mafuta ya mawese yasiyosafishwa yasihitaji zaidi ya miligramu 10 za potashi kali kwa kila gramu ili asidi yake iishe nguvu. Hiyo ni karibu asilimia 5 ya asidi huru. Mafuta ya kijijini huvuka mpaka huo kirahisi, na mwenye kiwanda cha mafuta ya kula ana haki ya kupunguza bei, kwa sababu asidi yote ile italazimika kuondolewa wakati wa kusafisha. Serikali, tangu ilipoanzisha msukumo mpya wa michikichi mwaka 2018, imeweka nguvu kubwa kwenye mbegu bora ya tenera inayozalishwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, na lengo lake linaeleweka: nchi inaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, na Kigoma ndiyo nyumba ya michikichi.

Mkemia akiyatazama mafuta yale yale yaliyokataliwa, anaona jambo jingine. Mafuta yoyote ya mmea ni glisarini iliyoshika asidi tatu za mafuta. Ukitaka kutengeneza kitu kingine nje ya chakula, hatua ya kwanza karibu siku zote ni kuzifungua asidi hizo kutoka kwenye glisarini. Lipezi wa chikichi ameshaanza kazi hiyo bila kulipwa. Kinachohesabiwa kuwa ubovu sokoni, maabara ni hatua iliyokwisha kufanyika.

Njia moja inayoanzia kwenye asidi hizo inaishia kwenye familia ya kemikali zinazoitwa bisfosfonati. Jina ni geni masikioni, lakini kemikali zenyewe zimo ndani ya nyumba nyingi za Kigoma na Ujiji. Etidronati, iliyo ndogo kuliko karibu zote katika familia hii, huwekwa kwenye sabuni nyingi za viwandani. Jina lake huchapwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya sabuni, mwishoni mwa orodha ya viambato.

Muundo wake unaeleza kwa nini iko pale. Katikati kuna atomu moja ya kaboni. Kushoto na kulia kwake kuna fosforasi mbili, kila moja ikiwa na oksijeni zake. Mikono hiyo miwili hukamata kalsiamu, magnesiamu na chuma kama koleo. Mwanamke anayefua kandokando ya ziwa pale Kibirizi anaijua shida inayotatuliwa na koleo hilo, hata kama hajawahi kusikia jina lake. Maji ya Tanganyika yana pH ya karibu 9, na yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu. Sehemu kubwa ya magnesiamu hiyo inaletwa na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Sabuni ya kawaida ikikutana nayo, sehemu ya sabuni hugeuka utando mweupe unaong'ang'ania nguo na beseni badala ya kutoa povu. Bisfosfonati kidogo ikiwemo, inaishika magnesiamu kabla haijaigusa sabuni. Inashika pia chembe za chuma zinazoharakisha kuchacha kwa mafuta ndani ya kipande cha sabuni.

Wakemia wa Kijerumani von Baeyer na Hofmann waliitengeneza etidronati mwaka 1897, na kwa miongo kadhaa kazi kubwa ya familia hii ilikuwa kuzuia magamba ya chokaa kwenye mabomba na matangi ya viwanda. Katika miaka ya 1960 daktari wa Uswisi Herbert Fleisch na wenzake waliona kwamba mwili wenyewe hutumia pairofosfeti kuzuia chokaa isigande mahali isipotakiwa. Pairofosfeti ina fosforasi mbili zilizounganishwa kwa oksijeni, na vimeng'enya huikata upesi. Bisfosfonati ina kaboni mahali pa oksijeni ile, na vimeng'enya vya mwili haviwezi kuikata. Kemikali ya mabomba ikawa dawa ya mifupa. Hushika madini ya mfupa, hukaa humo miaka mingi, na huzidhoofisha seli zinazoumega mfupa. Alendronati iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi uzeeni. Asidi ya zoledroniki, iliyo na nguvu zaidi, imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, kwa wagonjwa ambao saratani imefika mifupani.

Mafuta ya Kigoma yanaingia katika habari hii kupitia mkia wa molekuli. Kaboni ile ya katikati, iliyoshika fosforasi mbili, hubeba pia mkia, na mkia huo hutokana na asidi ambayo mkemia alianza nayo. Akianza na asidi ya siki, yenye kaboni mbili, anapata etidronati. Akianza na asidi ya mafuta yenye kaboni 8, 12 au 16, anapata bisfosfonati yenye mkia mrefu wa mafuta: kichwa kinapenda maji na madini, mkia unayakimbia maji. Urefu wa mkia ndio unaoamua kemikali itafanya kazi gani.

Hapo ndipo mise inapoyapita mawese. Mawese, mafuta mekundu ya nyama ya tunda, yana takribani asilimia 44 ya asidi ya palmitiki yenye kaboni 16 na karibu asilimia 40 ya asidi ya oleiki yenye kaboni 18. Oleiki ina kifungo maradufu katikati ya mkia, na kifungo hicho kinaweza kushambuliwa na asidi kali ya haidrokloriki inayozalishwa wakati wa utengenezaji, kikachafua zao. Mise, mafuta ya kiini kilicho ndani ya kokwa gumu, ni mafuta ya aina nyingine kabisa. Karibu nusu ya asidi zake ni lauriki ya kaboni 12, ambayo haina kifungo maradufu. Zimo pia asilimia chache za kapriliki, yenye kaboni 8. Mkulima anayeiuza mise kwa bei ya chini kwa mtengeneza sabuni anauza asidi inayofaa zaidi kwa kemia hii.

Kuna jambo ambalo wapangaji wa zao hili wanapaswa kulitazama mapema. Chikichi ya asili, dura, ina kokwa nene na kiini kikubwa. Tenera imechaguliwa kwa sababu kokwa lake ni jembamba na nyama yake ni nyingi. Kwa mwenye kutaka mafuta ya kula, huo ni ushindi mtupu. Lakini kadiri tenera inavyoenea, uwiano wa mise kwa mawese katika kila tunda utapungua. Nani anayepiga hesabu ya thamani ya kiini wakati mashamba mapya yanapandwa?

Sasa ufike ndani ya maabara, uone kazi inavyokwenda. Asidi ya lauriki ni nta nyeupe inayoyeyuka kwenye nyuzi 44. Huchanganywa na asidi ya fosforasi, kisha trikloridi ya fosforasi hutiwa tone kwa tone mchanganyiko ukiwa na joto. Trikloridi huigeuza asidi ya mafuta kuwa kloridi yake, fosforasi ya kwanza inaishika kaboni ileile, halafu ya pili. Maji yakitiwa mwishoni, vifungo vya ziada hukatika na bisfosfonati inabaki. Kwenye karatasi ni mistari mitatu. Ndani ya chupa, mchanganyiko huwa mzito hadi unakuwa donge la kunata linalosimamisha kichanganyio, na joto likifungiwa ndani ya donge hilo hakuna awezaye kulitawala. Wakemia wa kampuni ya Merck walitangaza mwaka 1995 njia ya kutumia asidi ya methanisalfoniki kama kiyeyushi ili mchanganyiko ubaki majimaji. Njia hiyo nayo ina mpaka wake: joto likivuka takribani nyuzi 85, mchanganyiko unaweza kuanza kujipasha wenyewe. Mkia wa mafuta unaongeza adha nyingine, kwa sababu zao la mwisho lina tabia ya sabuni. Maji yakitiwa linafura povu, na kulichuja ni kazi ya subira.

Hesabu ya uzito nayo inafundisha. Kilo 1 ya asidi ya lauriki ikigeuzwa yote bila kupotea hutoa kilo 1.7 hivi za bisfosfonati. Karibu nusu ya uzito wa zao hilo imetoka kwenye mafuta, na nusu nyingine ni fosforasi pamoja na oksijeni na hidrojeni zake. Basi anayesema Kigoma itajenga kiwanda cha bisfosfonati lazima ajibu swali la nusu ya pili: fosforasi itatoka wapi?

Ukitazama ramani, malighafi zinaonekana kama zimejipanga. Uvinza, kusini mashariki mwa Ujiji, ina chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi ndiyo chanzo cha klorini na cha kostiki. Minjingu, mkoani Manyara, kuna mawe ya fosfeti yanayosagwa kuwa mbolea. Mafuta yako Kigoma. Lakini kutoka jiwe la fosfeti hadi fosforasi yenyewe ni lazima upite kwenye tanuru la umeme lenye joto la nyuzi 1,400 na zaidi, na kila tani ya fosforasi hula umeme wa zaidi ya saa-megawati 12. Kigoma iliishi kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa. Nchi haina tanuru la aina hiyo, na chumvi na mafuta peke yake havitalijenga.

Zaidi ya umeme kuna hatari. Trikloridi ya fosforasi ikikutana na maji, hata unyevu wa hewa, hutoa mvuke wa asidi ya haidrokloriki unaochoma mapafu. Imo katika jedwali la tatu la Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Kemikali, kwa hiyo uzalishaji na biashara yake vinafuatiliwa kimataifa, na hapa nchini kemikali za viwandani husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Pipa la kemikali hiyo halina mahali kwenye banda la sabuni nyuma ya nyumba ya Mwanga au Gungu, hata mwenye banda angekuwa fundi wa namna gani.

Ziwa lenyewe linaweka sharti lake. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 na hubeba karibu asilimia 17 ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia, ukiacha barafu. Mlango wake wa kutokea ni Mto Lukuga peke yake, upande wa Kongo, na maji mengi zaidi huondoka kwa kuvukizwa na jua. Kinachoyeyuka humo hukaa. Bisfosfonati huoza polepole sana, hushikamana na tope la chini, na zinapovunjika hatimaye huacha fosforasi ambayo mwani unaitamani. Maji ya juu ya Tanganyika ni maskini wa virutubishi, na umaskini huo ndio umeyafanya kuwa maangavu. Dagaa na migebuka wamezoea kuishi humo. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilitia saini mkataba wa pamoja wa kulilinda mwaka 2003, na mamlaka yake iko Bujumbura. Kiwanda chochote cha fosforasi kwenye ukingo huu kingeanza na deni mbele ya mkataba huo.

Kwa hiyo hoja ya safu hii ni nyembamba na inasemwa wazi: Kigoma isikimbilie kichwa, ianze na mkia. Sehemu ya kemia hii inayofaa kufanyika kando ya ziwa ni kuyafungua mafuta na kuzitenga asidi zake, moja moja, kwa usafi unaopimika. Hatua ya fosforasi ifanyike kwenye maabara na viwanda vyenye wataalamu, umeme na mifumo ya maji taka, iwe Dar es Salaam au nje ya nchi, na asidi iondoke Kigoma ikiwa bidhaa yenye jina na kipimo, ikipanda reli ile ile iliyofika hapa mwaka 1914.

Kuyafungua mafuta hakuhitaji miujiza. Viwanda vikubwa hutumia mvuke wa nyuzi 250 na shinikizo kubwa, lakini njia ya fundi sabuni tayari inafika nusu. Mafuta yakichemshwa na kostiki huwa sabuni. Sabuni ikitiwa asidi, asidi za mafuta huelea juu na glisarini hubaki chini na maji ya chumvi. Palmitiki huganda kwenye nyuzi 63 na oleiki kwenye nyuzi 13 hivi, kwa hiyo asidi za mawese zikipozwa taratibu na kushindiliwa, nta nyeupe hubaki kwenye kitambaa na mafuta ya oleiki hupita. Watengeneza mishumaa wa Ulaya walifanya hivyo karne ya 19, na sehemu ya mafuta waliyotumia ilikuwa mawese kutoka Afrika Magharibi. Kuitenga lauriki na kapriliki za mise kunadai kukeneka chini ya shinikizo dogo, yaani mtungi wa chuma, pampu na mtu aliyefundishwa.

Tanzania imeshawahi kupita njia kama hii kwa zao jingine. Maganda ya korosho hutoa mafuta meusi yanayochoma ngozi, na kwa muda mrefu yalitazamwa kama taka. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Quintino Mgani, walishirikiana na David Cole-Hamilton wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskochi, na mwaka 2012 wakachapisha njia ya kupata kutoka kwenye kadanoli ya mafuta hayo kemikali ya harufu inayowavuta mbung'o mtegoni. Taka ya Mtwara ikawa chambo cha mdudu anayeambukiza malale. Mafunzo yake kwa Kigoma ni ya mpangilio: watafiti walianza kwa kulitenga zao la asili likiwa safi, wakalijua umbo lake kaboni kwa kaboni, kisha wakachagua lengo ambalo nchi ina haja nalo.

Malale yenyewe yana historia ndefu kwenye mwambao huu. Wajerumani waliendesha kambi na kampeni dhidi ya ugonjwa huo kando ya Ziwa Tanganyika kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na dawa yao kubwa ilikuwa atoksili yenye aseniki, iliyopofusha baadhi ya waliotibiwa. Kasulu na Kibondo zimebaki zikitajwa katika habari za ugonjwa huo. Bisfosfonati zimeingia humo kwa njia ya kuvutia. Vijidudu vya malale na vya malaria vina vifuko vyenye pairofosfeti na kalsiamu nyingi, na vina kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na dawa za mifupa. Mwaka 2001 Eric Oldfield wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzake walionyesha kwamba bisfosfonati huzuia ukuaji wa vijidudu hivyo maabara. Tatizo lilikuwa kwamba dawa za mifupa hukimbilia mfupani na haziingii vizuri ndani ya seli. Kundi hilo likatengeneza bisfosfonati zenye mikia ya mafuta ili zipenye. Bado hakuna hata moja iliyofika dukani kwa kazi hiyo, na mgonjwa wa malale au malaria leo anatibiwa kwa dawa nyingine. Pia hakuna dawa ya mifupa iliyoidhinishwa yenye mkia wa kaboni 12 au 16. Mwenye kuuza mawese kwa ahadi ya kuponya mifupa anadanganya watu.

Soko lililo karibu zaidi ni la mawe. Bisfosfonati yenye kaboni 8, inayotokana na kapriliki ile ya mise, imetumika kuelesha madini: kichwa hushika chembe ya kasiteriti, madini ya bati, na mkia huishikiza kwenye povu ili ipande juu. Bati linachimbwa Kyerwa mkoani Kagera na upande wa pili wa ziwa, mashariki mwa Kongo, ambako wachimbaji wadogo huosha mchanga kwa mikono na chembe laini hupotea na maji. Matumizi kama hayo hayadai asidi yenye usafi wa dawa. Yanadai asidi yenye urefu wa mkia unaojulikana, kila mzigo ukifanana na uliotangulia.

Kufanana kwa mizigo ndiko kunakokosekana leo, na kunaweza kuanza kwa kifaa kidogo. Kupima asidi huru kwahitaji mizani, spiriti, bureti ya kioo, kostiki yenye nguvu inayojulikana na matone ya fenofthalini yanayogeuka waridi asidi inapoisha. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesoma kemia anaweza kukifanya kipimo hicho kwa dakika chache. TARI Kihinga, shirika la viwanda vidogo SIDO na vyama vya ushirika vya wakulima wa michikichi wakikiweka kwenye vituo vya kununulia, mafuta yangepata bei mbili zilizo wazi: yaliyo chini ya asilimia 5 yakaenda jikoni, na yaliyo juu yakaenda kwenye mtungi wa kufungulia asidi, na mwenye mzigo akaijua sababu ya bei aliyopewa. Mise ipimwe na kuandikwa kwenye daftari lake peke yake, isichanganywe na mawese. Baada ya misimu miwili ya takwimu hizo, mkemia wa Dar es Salaam atajua Kigoma inaweza kumpa kilo ngapi za lauriki kwa mwaka na kwa usafi gani, naye mwekezaji ataweza kuamua kama mtungi wa kukenekea ujengwe Mwandiga au usijengwe kabisa.